Tendo Lililotangulia: Timilifu Iliyopita katika Kiingereza na Kihispania

Njeo ya timilifu iliyopita huonyesha tendo lililokwisha kukamilika kabla ya jambo jingine ambalo nalo limekwisha pita, kwa hiyo haitoshi kupima umbali ulioko kati ya tendo na msemaji. Hans Reichenbach, katika kitabu chake cha mantiki cha mwaka 1947, alizieleza njeo kwa nukta tatu: wakati wa tendo, wakati wa kusema, na wakati wa rejeo, yaani pale ambapo msimulizi amejiweka anapolitazama tendo. Katika sentensi ya Kiingereza "When we arrived, the bus had left", rejeo ni kuwasili, na basi lilikuwa limeondoka kabla yake. Ikiandikwa "the bus left", msomaji huelewa kwamba basi liling'oa nanga abiria walipofika, na hapo maana imegeuka kabisa.

Kihispania husema "Cuando llegamos, el autobús había salido", na kwa juu juu muundo ni uleule: kitenzi kisaidizi kilichotokana na maana ya kumiliki hufuatwa na umbo la kitenzi kikuu linaloonyesha ukamilifu. Kisaidizi cha Kihispania hubadilika kwa nafsi, "había", "habías", "habíamos", ilhali "had" hubaki vilevile. Tena Kihispania cha leo hakipendi neno liingie kati ya kisaidizi na kitenzi kikuu, hivyo "had never seen" huwa "nunca había visto".

Tofauti nzito imo katika sentensi za masharti. Kilatini kilikuwa na neno moja, "amaveram", lenye maana ya "nilikuwa nimependa", nalo liliingia Kihispania likawa "amara". Lakini karne baada ya karne, hasa kwa kutumiwa katika masharti, liliacha kueleza yaliyotukia likawa la mambo ya kudhaniwa. Kwa njia hiyohiyo kisaidizi kilipata umbo "hubiera", linalotumika katika "si hubiera sabido", yaani "kama ningalijua", huku "había" ikibaki kwa matukio ya kweli. Kiingereza hakikufanya mgawanyo huo: "had" ya "if I had known" ndiyo "had" ya basi lililoondoka. Mzungumzaji wa Kiswahili, anayetenganisha "ningalijua" na "nilikuwa nimejua", kwa kweli yuko karibu zaidi na Kihispania hapa, na akikosea kuandika "si había sabido" kosa hilo huenda limetoka katika Kiingereza alichopitia.

Maana ya kale ya "amara" haijatoweka. Kireno bado huihifadhi katika maandishi, na magazeti ya Kihispania huandika "el discurso que pronunciara" kwa hotuba iliyokwisha kutolewa, ingawa mtindo huo ni pambo zaidi kuliko haja. Andrés Bello, katika sarufi yake ya mwaka 1847, aliliita umbo "había cantado" "antecopretérito", yaani lililotangulia wakati uliopita usiokamilika, jina gumu kutamka lakini linaloeleza kazi yake barabara. Ndugu yake "hubo cantado", la tendo lililomalizika mara tu kabla ya jingine, limebaki vitabuni, kwa kuwa katika mazungumzo wakati uliopita wa kawaida umechukua nafasi yake.