Kila Tusi na Kazi Yake: Ufundi wa "From Dusk Till Dawn"

Robert Kurtzman alikuwa fundi wa majeraha. Yeye na wenzake, Greg Nicotero na Howard Berger, walikuwa na karakana yao iitwayo KNB, na riziki yao ilitoka kwenye ngozi za mpira, meno ya bandia na damu ya kupika. Kurtzman alitaka filamu itakayompa nafasi ya kuonyesha kila anachokijua. Akatunga kisa kifupi, akamtafuta kijana asiyejulikana na kumlipa dola 1,500 akigeuze kiwe mswada. Kijana mwenyewe ni Quentin Tarantino, na hiyo ilikuwa kazi yake ya kwanza ya kuandika kwa malipo. Filamu ilipotoka Januari 1996, ikiongozwa na Robert Rodriguez, kijana yule alishakuwa Tarantino wa "Pulp Fiction" na kila mtu alimjua.

Asili hiyo inaeleza mengi. Filamu hii ilianza kutungwa kutoka katikati, kwenye chumba kilichojaa wanawake wazuri wanaogeuka kuwa wanyonya damu. Kazi ya mwandishi ilikuwa kutafuta watu wa kuwaingiza mle, sababu ya kuwafanya waingie kwa miguu yao wenyewe, na sababu ya sisi watazamaji kujali watakapoanza kuliwa.

Kisa chenyewe ni hiki. Ndugu wawili majambazi, Seth Gecko (George Clooney) na Richie (Tarantino mwenyewe), wanaikimbia Texas kwenda Mexico wakiwa na fedha za benki, na nyuma yao wameacha maiti. Njiani wanamteka mchungaji Jacob Fuller (Harvey Keitel), ambaye imani ilimtoka baada ya kufiwa na mkewe, pamoja na binti yake Kate (Juliette Lewis) na Scott, kijana aliyemlea. Wanavuka mpaka ndani ya gari-nyumba la familia hiyo. Mwenyeji wao, Carlos, amewaambia wamsubiri hadi alfajiri kwenye baa moja iliyo peke yake jangwani. Baa inaitwa Titty Twister, jina ambalo sitalifasiri kwa heshima ya wazee wanaosoma safu hii. Rasmi ni baa ya wacheza uchi. Kwa jinsi inavyotangazwa mlangoni, ni danguro.

Vichekesho vya aina hii, vya ashiki na damu, huharibika haraka. Tusi la kwanza huchekesha, la kumi huchosha. Damu nayo ni hivyo hivyo. Rodriguez na Tarantino wameikwepa hatari hiyo kwa mbinu moja ambayo naona wachambuzi wengi huipita: karibu kila uchafu unaotuchekesha katika filamu hii umewekwa akiba, na baadaye unarudi kufanya kazi nyingine. Mtazamaji anadhani anapewa mzaha, kumbe anakabidhiwa kifaa.

Tuanze mlangoni. Nje ya baa amesimama Chet, anayechezwa na Cheech Marin, na kazi yake ni kuita wateja. Anautangaza utupu wa wanawake waliomo ndani kwa rangi, kwa joto na ubaridi, kwa harufu, kwa nywele, bila kituo, kama mpiga debe wa stendi anayetaja vituo vya njia nzima kwa pumzi moja. Kisha anashusha bei. Ni hotuba chafu kupita kiasi, na kasi yake ndiyo inayochekesha. Kabla hujamaliza kushtukia neno moja, matatu yameshapita. Lakini isikilize tena ukiwa umeshaujua mwisho. Katikati ya orodha ile yamo maneno ya damu na ya kung'ata. Chet ametuambia kila kitu. Tumemcheka, tumeingia.

Marin huyo huyo anacheza watu watatu. Ndiye askari wa mpakani anayelipekua gari, ndiye Chet, na ndiye Carlos anayefika alfajiri. Wengi hulichukulia jambo hilo kuwa ni utani wa waigizaji. Mimi naliona kama mpangilio, maana wote watatu ni watu wa mlango: mmoja anawaruhusu kuingia Mexico, wa pili anawaita waingie baani, na wa tatu anakuja na watu wake kuvunja mlango ili mwanga uingie. Sura moja, milango mitatu. Kama haikukusudiwa hivyo, basi bahati yao ilikuwa kubwa.

Ndani, mhudumu wa kaunta Razor Charlie (Danny Trejo) anakataa kuwahudumia. Baa hii, anasema, ni ya madereva wa malori na waendesha pikipiki tu. Inaelekea kuwa ugomvi, lakini Jacob anatoa leseni yake ya udereva na kueleza kwa upole kwamba gari-nyumba lake haliendeshwi bila leseni ya daraja la malori. Mchungaji ameshinda hoja ya kisheria ndani ya nyumba ya dhambi. Tunacheka, maisha yanaendelea.

Tazama sasa sharti hilo linavyolipa. Kwanza, linajibu swali ambalo hakuna anayeliuliza kwenye filamu: nyumba inayokula wateja wake inawezaje kudumu? Inadumu kwa kuchagua watu wa barabarani, ambao hakuna anayejua kama jana walikuwa hapa au kule. Pili, vita vinapopamba moto, waliosalia wanakimbilia stoo na kukuta masanduku ya kila aina ya bidhaa. Hiyo ni shehena ya malori yaliyowahi kuegesha pale, na silaha zao nyingi zinatoka humo. Tatu ni picha ya mwisho: kamera inarudi nyuma na juu, na tunaona kwamba baa ni kilele tu cha hekalu la kale lililozama ardhini, na chini ya ngazi zake yamelundikana malori na pikipiki zisizohesabika. Mzaha wa leseni umetumika kama utani, kama ghala la silaha, na kama historia ya mauaji ya karne nzima na zaidi. Sijui waandishi wengi wanaoweza kulikamua sharti moja la kaunta kiasi hicho.

Mfano mwingine ni mkono wa Richie. Mwanzoni kabisa, katika duka la pombe huko Texas, anapigwa risasi inayotoboa kiganja. Anaufunga mkono kwa utepe wa gundi, na kwa muda tundu lile linakuwa kichekesho. Anachungulia kupitia humo. Saa moja baadaye, katika ugomvi wa baani, mkono huo huo unachomwa kisu. Damu inatiririka, mwanamke mmoja jukwaani anaiona, uso wake unabadilika. Filamu nzima inageukia hapo, kwenye kidonda tulichokizoea kiasi cha kukisahau.

Mwanamke huyo ni Santanico Pandemonium, na ngoma yake inastahili kutazamwa polepole. Salma Hayek anacheza na chatu mabegani, ilhali kwa maelezo yake mwenyewe alikuwa akiogopa nyoka sana na ilimbidi aishinde hofu hiyo kwanza. Hakupangiwa hatua, Rodriguez alimwambia aufuate muziki. Bendi ya Tito & Tarantula inapiga papo hapo jukwaani, kwa hiyo wimbo ni sehemu ya chumba, na wanamuziki nao watakuja kugeuka na kuendelea kupiga kwa ala za viungo vya binadamu. Hadi hapo filamu imekuwa ya mbio: milango ya magari, risasi, amri. Ngoma inapoanza, mpiga picha Guillermo Navarro anatulia. Santanico anashuka mezani, anamimina pombe mguuni, na Richie anainywa kwenye vidole. Hakuna anayezungumza. Baa nzima imenyamaza, nasi pia.

Wasimulizi wa pwani wanaijua kanuni hii. Kisa cha mrembo anayekutana na mwanamume barabarani usiku hakianzi na kwato. Kwanza sauti, manukato, mwendo. Msikilizaji anatamani pamoja na yule mjinga wa hadithini, na macho yakishuka miguuni ni kuchelewa. Ukimtaja jini mwanzoni umeua kisa. Rodriguez anasubiri karibu saa nzima.

Baada ya hapo damu inamwagika kwa ndoo, na nyingi ni ya kijani. Sababu ni ya kibiashara: wakadiriaji wa filamu wa Marekani huhesabu damu nyekundu kwa ukali kuliko rangi nyingine, na kijani kilisaidia filamu ipite. Lakini lililoanza kama ujanja wa kuwapumbaza wakadiriaji limesaidia pia kichekesho. Damu nyekundu humkumbusha mtu mwili wake. Ya kijani inampa ruhusa ya kucheka huku vichwa vikikatwa.

Na stoo, je? Humo ndimo mbinu ya akiba inapofika kileleni. Katika bidhaa za malori wamekuta kondomu. Mchungaji anabariki maji, na maji yanajazwa kwenye kondomu ili yarushwe kama mabomu. Kitu cha danguro kimekuwa chombo cha ibada. Wala si utani mtupu, kwa sababu maji hayawi matakatifu mpaka anayeyabariki aamini, na Jacob aliacha kuamini. Kurudi kwa imani ya mtu huyu, jambo zito kuliko yote katika filamu, kunapita ndani ya mpira ule. Keitel anaucheza wakati huo bila hata chembe ya tabasamu, na ndiyo maana unafanya kazi. Mwigizaji wa kawaida angetukonyeza.

Kuna sehemu ya sauti ambayo wanafunzi wa filamu waitazame mara kadhaa. Frost (Fred Williamson), mkongwe wa vita vya Vietnam, anasimulia kwa majivuno jinsi alivyopigana. Nyuma yake Sex Machine, anayechezwa na Tom Savini, ameshaumwa mkononi na anageuka kidogo kidogo. Sauti ya Frost inafifia, midomo inaendelea, na sisi tunabaki na yule anayejikagua jeraha kwa siri. Shujaa anahutubia, kifo kiko nyuma yake, na hotuba haisikiki. Savini mwenyewe ni fundi mkongwe wa majeraha ya filamu, aliyetengeneza yale ya "Dawn of the Dead" ya 1978. Kumweka mle ni salamu ya karakana kwa mwalimu wake.

Kuna mahali pamoja ambapo wamekataa kuchekesha, na uamuzi huo ni ufundi pia. Kabla ya baa, ndugu hawa wamemshika mateka mwanamke wa benki. Seth anatoka kwenda kununua chakula, akirudi motelini anakuta Richie amebaki naye peke yake. Hatuonyeshwi tukio. Tunapewa vipande vya picha vya sehemu ya sekunde, na uso wa Clooney. Hakuna utani unaofuata. Bila kituo hicho, ukatili wa baadaye ungekuwa katuni, na Richie angekuwa mcheshi badala ya kuwa mtu wa kuogopwa.

Mwaka huo huo wa 1996 ilitoka filamu nyingine yenye wazo linalofanana, "Bordello of Blood" ya Gilbert Adler, kutoka ukoo wa "Tales from the Crypt". Kwenye karatasi wazo lake ni zuri zaidi. Danguro la wanyonya damu limefichwa ndani ya nyumba ya mazishi, na mteja analala kwenye jeneza linaloingizwa tanuruni ndipo aibukie kwa wanawake. Mlango gani unaweza kuushinda huo? Hata bunduki za maji matakatifu wanazo. Lakini filamu inatuonyesha Lilith, mama wa wanyonya damu, akifufuliwa katika dakika za mwanzo, kwa hiyo vijana wawili wanapolala jenezani tunajua kila kitu na tunasubiri tu. Kisha anakuja Dennis Miller, mpelelezi mwenye mzaha kwa kila jambo, na mizaha yake mingi aliibuni mwenyewe kamerani. Mzaha unamweka nje ya hatari. Mtu asiyeogopa hawezi kututia hofu, na bila hofu kichekesho cheusi kinabaki kichekesho cha kawaida chenye damu. Seth Gecko naye ana ulimi, lakini anatukana kwa sababu amebanwa.

"From Dusk Till Dawn" ina kasoro zake. Pigano la kwanza ni refu kupita mahitaji yake, na unaona kabisa karakana ya KNB ikionyesha bidhaa. Wanawake wa baa, ukimtoa Santanico, hawana hata tabia ya kukumbukwa. Wamo kwa ajili ya kutamaniwa na kuchomwa vigingi. Filamu iligharimu takriban dola milioni 19 na katika majumba ya sinema ya Marekani ikaingiza zaidi ya milioni 25, mapato ya wastani kwa filamu yenye majina kama hayo. Watu wengi waliijua baadaye, kwenye kanda na televisheni.

Mwaka 2014 Rodriguez aliirudia kama mfululizo wa televisheni, ukadumu misimu mitatu. Viumbe wa hekaluni wanaanza kudokezwa mapema, historia yao inaelezwa kwa urefu, na kila jibu ambalo filamu ililiacha kwenye malori yale linatolewa kwa maneno. Ni kazi ya heshima, lakini mtego umeondolewa. Anayetaka kujifunza ufundi aanze na filamu ya 1996, watoto wakiwa wamelala, na asikubali kusimuliwa na mtu kabla hajaitazama.