Uhakiki wa Vipimo vya Matumizi ya Mikusanyo ya Kidijitali: Mfano wa Miswada ya Kiswahili ya SOAS

Maktaba nyingi za vyuo vikuu hupima thamani ya mikusanyo yake ya kidijitali kwa idadi ya kurasa zilizofunguliwa na faili zilizopakuliwa. Mradi wa COUNTER, ulioanzishwa mwaka 2002, umesaidia kusawazisha hesabu hizo. Kwa mfano, msomaji akibofya faili ileile mara mbili ndani ya sekunde 30, huhesabiwa mara moja tu. Uhakiki huu haupingi usahihi wa hesabu hizo. Unahoji hitimisho linalojengwa juu yake, kwamba kisichofunguliwa hakihitajiki.

Miswada ya Kiswahili iliyohifadhiwa SOAS, London, inadhihirisha udhaifu wa hitimisho hilo. Miongoni mwake imo iliyokusanywa na William Hichens, ikiwamo iliyoandikwa kwa mkono wa Muhamadi Kijumwa wa Lamu. Mingi imo katika hati ya Kiarabu. Picha ya mswada wa aina hii haitafutiki kwa neno. Anayeutafuta hutegemea maelezo ya katalogi. Pasipo maelezo yanayounganisha istilahi, mtafiti aliyezoea "utenzi" hataufikia mswada ulioorodheshwa kama "utendi", ilhali tofauti hiyo ni ya lahaja, si ya utanzu. Vivyo hivyo, maelezo yakiwa kwa Kiingereza pekee, anayetafuta kwa Kiswahili hurudi mikono mitupu. Kukosa kwake hakuonekani katika jedwali la upakuaji.

Hapa ndipo tathmini na utangazaji hukutana. Tangazo katika mitandao ya kijamii huweza kuleta wageni, lakini halirekebishi katalogi isiyowaelekeza. Idadi ndogo ikichukuliwa kuwa ushahidi wa uhitaji mdogo, fedha za kuboresha maelezo hupelekwa kwingine, na idadi huzidi kushuka. Upungufu wa katalogi hugeuka hukumu dhidi ya fasihi yenyewe.

Inapendekezwa kwamba, sambamba na upakuaji, maktaba zichunguze maneno yaliyotafutwa bila kupata jibu, pamoja na kozi na tasnifu zinazoitumia miswada hiyo. Hata kigezo hiki cha pili kina mpaka: msomaji wa Lamu anayeusoma utendi ili aughani hatatajwa katika tasnifu yoyote. Kwa hiyo, wasomaji wa jamii zilikotoka kazi hizi washirikishwe katika kuandika maelezo ya katalogi, kabla ya idadi ya upakuaji kutumiwa kuamua mgawo wa fedha.