Nyumba Isiyo na Watu: Uhalisia katika Picha za Isabel Quintanilla

Isabel Quintanilla (1938–2017), mchoraji wa Madrid nchini Hispania, alitumia maisha yake ya kazi kuchora vitu ambavyo kila mtu huviona bila kuvitazama: bilauri ya maji juu ya friji, simu chini ya taa, sinki, dirisha wakati wa usiku. Watu karibu hawamo. Kwa sababu hiyo baadhi ya watazamaji huziita picha hizo za upweke. Neno hilo halifai. Kiswahili hutofautisha upweke na kimya, na kilichomo humu ni kimya: taa inawaka, maji yamekwisha kumiminwa, mwenye nyumba yu karibu.

Picha inayothibitisha jambo hilo ni ile aliyoichora mwaka 1971 kwa heshima ya mama yake. Haionyeshi uso wa mama, bali mashini ya kushona. Baba, aliyekuwa upande wa Jamhuri, alifia kizuizini baada ya vita vya 1936–1939, na mama akawalea watoto kwa ushonaji. Mashini hiyo basi ndiyo iliyoleta chakula nyumbani. Kuichora kwa uangalifu ule ambao wengine huuweka katika sura za wafalme ni kutoa hukumu juu ya nani anastahili kuheshimiwa. Hata hivyo, mhakiki anayemwona marehemu baba katika kila chumba kitupu anavuka mpaka. Bilauri mara nyingi ni bilauri tu.

Lawama ya kwamba kazi hii ni sawa na fotografia haina msingi. Kamera huchukua nukta moja ya wakati. Quintanilla alirudia kioo kilekile cha Duralex, cha bei rahisi, mara nyingi, na kila mara mwanga ulidai rangi mpya. Ni kweli kwamba si picha zote zina nguvu sawa: baadhi ya zile za matunda zinaonyesha ustadi wa mkono kuliko fikra.

Wajerumani walinunua sehemu kubwa ya kazi zake katika miaka ya 1970 na 1980. Madrid yenyewe ilichelewa. Makumbusho ya Thyssen-Bornemisza yalifanya maonyesho yake mwaka 2024, na huyo ndiye mwanamke wa kwanza wa Hispania kupewa humo maonyesho ya peke yake, miaka saba baada ya kufariki.