Picha za Bamako na Amana ya Uso wa Mtu



Ni nyumba chache katika mwambao wetu leo zisizokuwa na picha. Ziko zilizotundikwa ukutani, ziko zilizowekwa katika albamu ndani ya kabati, na nyingi zaidi zimo katika simu za watoto wetu. Kwa hivyo si upuuzi kuketi tukaitazama kazi ya mpiga picha mmoja aliyekuwa fundi kweli kweli, tukaipima kwa insafu: lililo jema tuseme ni jema, na lenye kasoro tuseme lina kasoro. Mtu huyo ni Malick Sidibé wa Bamako, mji mkuu wa Mali, aliyefariki tarehe 14 Aprili 2016. Tumemchagua yeye kwa kuwa alikuwa Mwislamu, aliishi katika mji wa Waislamu, na aliowapiga picha walikuwa vijana wa mji wake mwenyewe.

Kwanza, neno moja la kuondoa shaka. Hatukusudii hapa kurudia mjadala wa hukumu ya taswira. Wanazuoni wamekhitalifiana. Marehemu Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyeshika cheo cha Mufti wa Misri mwaka 1914, aliandika risala akaeleza kuwa picha ya kamera ni kuzuia kivuli cha kilichokwisha kuumbwa na Mwenyezi Mungu, wala si kuigiza uumbaji. Wengine hawakukubaliana naye, na hoja zao zajulikana. Lakini hata anayeshika kauli ya ruhusa hakuruhusiwa kila kitu. Baada ya kuuliza kama picha yafaa kupigwa, yabaki suala la pili ambalo wengi hawaliulizi: picha ikisha kupigwa, ni ya nani?

Sasa tumjue mtu mwenyewe. Sidibé alizaliwa katika miaka ya thalathini, katika kijiji cha Soloba, kwa watu wa Kifulani. Alichunga ng'ombe utotoni, kisha akatiwa skuli, ikaonekana kuwa mkono wake ni hodari wa kuchora, akapelekwa chuo cha mafundi huko Bamako. Mwaka 1955 mpiga picha mmoja wa Kifaransa alimwita ampambie duka lake. Kijana yule akabaki pale pale akajifunza kazi. Baadaye akafungua duka lake mwenyewe, Studio Malick, katika mtaa wa Bagadadji.

Mali ilipata uhuru mwaka 1960, na vijana wa Bamako wakawa na vyama vyao vya marafiki. Kila Jumamosi usiku palikuwa na karamu katika nyua za mji, na Sidibé akialikwa. Alikuwa akipanda baiskeli yake, kamera begani, akitoka karamu hii akienda ile, hata kufikia nne au tano kwa usiku mmoja. Akirudi dukani usiku wa manane akisafisha filamu. Kisha vipicha vidogo vidogo akivibandika juu ya karatasi ngumu, kila kimoja na nambari yake, akavitoa nje ya duka. Vijana wakaja, wakajitafuta, wakacheka, na aliyependa picha yake akaagiza na kulipa.

Tazama vyema utaratibu huo, msomaji, kwani ndani yake ndimo ulimo uzuri wa kazi hii. Mtu ajaye kwa baiskeli, kwa mwaliko, huonekana akija. Husalimiwa, hupewa kiti, na wanaojua kuwa atapiga picha hujiweka kama watakavyo kuonekana. Hamshitui mtu wala hamvizii. Tena picha haitoroki, bali hurudi kwa mwenyewe baada ya siku mbili tatu. Ndiyo maana nyuso za watu katika picha za Sidibé zimetulia. Wako marafiki waliovaa nguo za namna moja, kama sare zetu za arusini. Iko picha ya mwaka 1962 ya aila nzima juu ya pikipiki. Wako vijana waliosimama wima mbele ya kamera kama asemaye, nitazame. Hapana hata mmoja aliyedharauliwa na jicho lililomtazama.

Lilinganishe hilo na zile kadi za posta za zama za ukoloni, zilizopigwa Unguja, Mombasa na miji mingine ya pwani, zikauzwa kwa wasafiri. Humo mna mabibi zetu wamesimamishwa mbele ya pazia, na chini yake imeandikwa kabila tu, au neno la kusifu maumbile, bila ya jina la mtu wala la baba yake. Picha ile haikurudi kwake. Ilitiwa stampu ikenda ng'ambo kwa mtu asiyemjua. Kamera ni ile ile, na nuru ni ile ile. Tofauti ni adabu ya aliyeishika.

Haya ndiyo mema, na tusiyafiche. Ama kasoro, nazo tusizifiche. Picha yake mashuhuri kuliko zote ni ya mwaka 1963, na jina lake kwa Kifaransa ni usiku wa Krismasi. Kijana amevaa suti nyeupe, msichana yu miguu mitupu, vichwa vyao karibu vigusane, macho ya wote wawili yatazama chini penye miguu wanapocheza. Sidibé mwenyewe alieleza kuwa ni ndugu, kaka na dada. Ukijua hivyo, picha yabadilika mbele ya macho yako: pale ulipodhania mapenzi, waona kaka na dada wakiangalia hatua zao wasikosee. Ni picha yenye huruma, wala sioni haya kuisifu kwa hilo. Lakini karamu yenyewe, ya sikukuu isiyo yetu, wanaume na wanawake wamechanganyika usiku kwa ngoma, si jambo ambalo mzazi wa Kiislamu ataliombea dua. Kadhalika picha za mandari za siku za Jumapili kando ya mto Niger, ambako vijana wake kwa waume wako majini na nguo chache. Uzuri wa picha haubadilishi hukumu ya kilichomo ndani yake. Na ubaya wa kilichomo haubatilishi ustadi wa fundi. Mwenye kuhukumu huyatenga mawili haya, asiyachanganye.

Lakini kasoro ninayotaka uizingatie zaidi si ya wale vijana, kwani ujana una mambo yake na mlango wa toba uko wazi. Ni ya kilichofuata. Katika miaka ya tisini watu wa Ulaya walizigundua filamu za Sidibé. Mwaka 1995 picha zake zikaonyeshwa Paris. Mwaka 2003 akapewa tuzo ya Hasselblad ya Uswidi, na mwaka 2007 akapewa Simba wa Dhahabu wa maonyesho ya Venice, akiwa Mwafrika wa kwanza na mpiga picha wa kwanza kupata heshima hiyo kwa kazi ya umri wake wote. Vile vipicha vilivyobandikwa juu ya karatasi ngumu vikakuzwa, vikatiwa fremu, vikauzwa kwa bei kubwa.

Hapa yataka tusimame. Msichana aliyekubali kupigwa picha mwaka 1963 alikubali nini? Alikubali kuonekana na shoga zake nje ya duka la Bagadadji, siku mbili tatu. Hakuulizwa kuhusu Venice, wala hakuweza kuulizwa. Leo ikiwa yu hai, ni bibi wa wajukuu. Yumkini amekwenda Makka. Yumkini anavaa mtandio hauondoi kichwani. Na ujana wake umetundikwa katika ukuta wa nchi ya mbali, watu wamepanga mstari kuutazama.

Mtu ataniambia: Sheikh, lau picha hizi hazikutoka, ulimwengu ungeijua Afrika kwa picha za njaa na vita peke yake. Hoja hii ni nzito, nami naikubali nusu yake. Ni kheri kubwa kwamba watu wa mbali walimuona Mwafrika amevaa safi, amesimama kwa heshima, ana rafiki na ana furaha. Lakini kheri ya umma haichukuliwi bure katika mfuko wa mtu mmoja. Yampasa mwenye uso aulizwe, na akiwa amekufa waulizwe warithi wake. Tumefundishwa kusitiriana, na sitara haina muda wa kwisha. Ridhaa ya kuonekana na kumi si ridhaa ya kuonekana na milioni.

La ajabu ni kwamba Sidibé mwenyewe, katika uzee wake, alituachia mfano unaoelekea kwenye jawabu. Alifanya mfululizo wa picha za wanawake waliogeuka, wakaipa kamera mgongo. Sisemi kuwa kila vazi lililomo ni la sitara. Nasema kuwa uso umefichika, na picha haikupungua kitu. Waona mabega, mkunjo wa nguo, namna mtu asimamavyo, nawe wamheshimu kwa usichokiona. Fundi aliyetumia umri wake akizitazama nyuso, akajua kuwa uso waweza kuachwa kwa mwenyewe.

Basi, ndugu msomaji, tuchukue nini nyumbani? Kijana wako leo hapandi baiskeli usiku kucha ili apige picha nne. Amekaa kitandani, na kwa kidole kimoja aipeleka picha ya dada yake, ya mke wa rafiki yake, ya mgonjwa wa hospitali, ya maiti wa ajali, ikafika mbali kuliko Venice kabla chai haijapoa. Haihitaji miaka thalathini. Mfundishe utaratibu wa lile duka la Bagadadji: aonekane akija, aombe idhini, na picha airudishe kwa mwenyewe kwanza. Na mfundishe lile ambalo duka lile halikuweza kulijua: akitaka kuipeleka kwa wengine zaidi ya wale walioridhiwa, aulize mara ya pili. Nawe mama mwenye albamu kabatini, mgeni akikuomba picha za arusi za miaka iliyopita ili azichape, kumbuka kuwa wewe ni mwekwa amana. Walioko ndani yake ndio wenye mali.

Mwenyezi Mungu amrehemu Malick Sidibé, awasitiri aliowapiga picha, na atusitiri sisi na vizazi vyetu, duniani na akhera. Amin.