Kipofu wa Azhar na Jina Lake

Jina la Taha Hussein likitajwa, masheikh wetu wengi hukunja uso kwa ajili ya kitabu chake cha mwaka 1926 juu ya mashairi ya zama za Jahilia. Sitaki kuwalaumu. Lakini leo nataka kusema juu ya kitabu chake kingine, Al-Ayyam, na hasa sehemu ya pili, ambayo yasimulia miaka yake ya masomo katika Azhar. Aliingia huko mwaka 1902, kijana mdogo aliyepofuka tangu utotoni.

Azhar haikumfungia mtu mlango. Wamaghribi walikuwa na riwaki yao, watu wa Sham yao, Waturuki yao, na Majabarti wa upande wa Habasha yao. Wakila mkate wa wakfu. Hata vipofu walikuwa na zawia yao. Ni vyuo vikuu vingapi vya leo vyaweza kujisifu hivyo?

Basi kijana huyu aliumizwa na nini? Siku ya kutahiniwa Kurani alikaa akingojea kuitwa jina lake. Mtahini akamwita kwa upofu wake. Akasoma, akafaulu, akaambiwa aende zake kwa neno lile lile, na juu yake akaombewa dua ya kheri! Kwao walikuwa wakimtunzia moyo wake, hawamwiti hivyo mbele yake. Sheikh yule wala hakukusudia ubaya, na hapo ndipo penye uchungu wa kisa hiki.

Kisha kuna zile jioni. Ndugu yake, naye mwanafunzi, humwacha chumbani peke yake akenda kunywa chai na kudurusu na wenzake jirani. Kijana asikia mazungumzo na vicheko, atamani kwenda, aona haya kuomba. Hakuna aliyemkataza, hakuna aliyemwita. Kurasa hizi ndizo bora katika kitabu chote.

Mwandishi hajisemi kwa "mimi". Ajiita "kijana" tangu mwanzo. Wako waonao kuwa hayo ni majivuno. Mimi naona ni haya ile ile, haijamtoka hata baada ya kuwa mtu mkubwa. Nisichokubaliana naye ni kuwacheka mno waalimu wake. Sheikh al-Marsafi, aliyemsomesha adabu, amemtaja kwa mapenzi. Wengine amewafanya mzaha, na ni hao hao waliompokea.

Sote twaijua Suratu Abasa na habari ya Ibn Umm Maktum. Twaisoma, twaifasiri, kisha tukitoka nje twamwita mtu kwa kilema chake na kuona ni masihara tu. Katika chuo nilichosomea utotoni palikuwa na mwenzetu mmoja mwenye mguu mbovu. Mwalimu akimwita Kiwete, nasi tukimwita Kiwete. Tulikaa naye jamvi moja miaka minne, na mpaka leo silijui jina lake.