Kipupwe Chumbani, Mwezi Machi

Saa tisa za usiku niliamka, nikapapasa shuka, nikaikuta kavu. Kavu kabisa! Nilikaa kitandani gizani nikiigusa huku na huku, nisiamini. Huu ni mwezi Machi, Dar es Salaam. Kaskazi imekatika, masika hayajafika, hewa imesimama. Ni mwezi ambao mtu hutoka kuoga na jasho likaanza kumtiririka kabla hajamaliza kujifuta. Nami nilikuwa nimejifunika, usingizi wangu mzito, na kile kitu cheupe ukutani hata sikisikii.

Ni kiyoyozi cha inveta, BTU 9,000, gesi ya R32, kimefungwa Jumamosi iliyopita. Leo ni siku ya nne. Najua mapitio ya kifaa hutakiwa kusubiri miezi, lakini siwezi kunyamaza na jambo hili hadi Juni.

Miaka mitano nimeishi na kiyoyozi cha BTU 18,000 katika chumba cha mita nne kwa tatu na nusu. Dukani niliambiwa kubwa ndiyo nzuri, nami nikakubali. Mashine ile ya zamani ilijua mambo mawili tu, kuwaka kwa nguvu zote na kuzima. Ikiwaka, chumba kinakuwa mochwari kwa dakika nane. Kisha kompresa inanyamaza, lakini feni ya ndani inaendelea kupuliza juu ya koili iliyolowa, na maji yaliyokamatwa pale yanarudi hewani upya. Kwa hiyo tulilala kwenye baridi yenye majimaji, kama pangoni. Viatu vya ngozi viliota ukungu wa kijani. Suti yangu ya harusi ilinuka uvundo. Albamu ya picha za baba ilishikana kurasa, na picha mbili zilibanduka uso zikabaki karatasi nyeupe. Hizo hazirudi tena, na bado zinaniuma.

Ndiyo maana nasema kwa sisi wa pwani, shughuli ya kiyoyozi ni kutoa maji hewani. Baridi inakuja nyuma yake. Hata chanzo cha kifaa hiki ni hicho hicho: mwaka 1902 mhandisi kijana Willis Carrier alitakiwa kukinusuru kiwanda cha uchapaji huko Brooklyn, Marekani, ambako unyevu wa kiangazi ulivimbisha karatasi na rangi zikawa hazikai mahali pake. Alitafuta ukavu wa karatasi, na mwili wa binadamu ukafaidi baadaye.

Inveta haizimi ovyo. Chumba kikikaribia nyuzi ulizotaka, kompresa inapunguza mwendo na kuendelea taratibu, usiku kucha, koili ikibaki na ubaridi wa kutosha kuukamata mvuke kama chupa ya soda inavyotoa jasho mezani. Maji yanateremka kwenye bomba hadi nje. Usiku wa kwanza niliweka ndoo ya lita kumi chini ya bomba lile. Asubuhi ilikuwa imevuka nusu! Maji yale yote nilikuwa nayavuta puani na kuyalalia kila siku.

Sikutosheka na ndoo. Nilimwaga chumvi ya mezani kwenye visahani viwili, kimoja nikakiweka kando ya kitanda, kingine jikoni. Chumvi hii ni kipimo kizuri kuliko unavyodhani, kwa sababu hewa ikizidi unyevu wa takriban asilimia 75, chembe zake huanza kuvuta maji hadi ziyeyuke. Asubuhi kisahani cha jikoni kilikuwa na rojorojo. Cha chumbani nilikiinamisha, chembe zikateleza moja moja, zikilia juu ya kauri. Nilimwita mke wangu aje asikie. Alisikiliza, akaenda moja kwa moja kabatini kunusa kanga zake.

Rimoti ina alama ya tone la maji. Wengi hawaigusi. Iguse! Hapo mashine inatanguliza kukausha, feni inakwenda polepole, na mwili unatulia hata nyuzi 26. Tulizoea kushusha hadi 18 kwa sababu jasho lilikuwa haliondoki. Hewa ikikauka, jasho linaruka lenyewe na 26 inatosha na kuzidi.

Na luku? Usiku wa pili nilizima friji na kila kitu, nikabaki na kiyoyozi peke yake, nikasoma mita saa nne usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Yuniti mbili na nukta saba. Kile cha zamani kilikuwa kinameza saba, nane, na bado tunaamka tumelowa.

Sasa nimsifu fundi, maana nusu ya raha hii ni mikono yake. Kijana alikuja na pampu ya vakyumu. Mafundi wengi niliowahi kuwaona hufungua gesi kidogo, ikasukuma hewa nje, wakaita kazi imeisha. Huyu aliunganisha pampu kwenye mabomba ya kopa, akaiacha ikinguruma zaidi ya nusu saa, akaizima, akakaa kitako akiitazama geji kama mtu anayesubiri chungu kichemke. Nikamuuliza, fundi, bado tu? “Kaka, tone moja la maji likibaki humu, baada ya mwaka utanipigia simu kompresa imekufa. Na gesi hii inashika moto, haichezewi.” Sindano haikusogea. Ndipo akafungulia gesi.

R32 kweli inashika moto, ingawa si kwa urahisi, kwa hiyo haijazwi na mtu aliyezoea gesi ya zamani ya R22 tu. Lakini uzito wake kwa hali ya hewa ya dunia ni mara 675 ya hewa ya ukaa, wakati gesi ya R410A inafika 2,088. Ni mambo haya haya yaliyokubaliwa Kigali mwaka 2016, kwamba gesi nzito za viyoyozi zipunguzwe. Inanifurahisha kwamba mapatano hayo yana jina la mji wa jirani zetu.

Fundi alinionyesha pia matundu ya hewa juu ya dirisha, yale yaliyojengwa enzi za feni. Ukiyaacha wazi unajaribu kukausha Bahari ya Hindi. Tuliyaziba kwa vipande vya jipsamu na silikoni. Mashine ya nje tumeiweka upande usiotazama bahari, kwa ajili ya chumvi ya upepo, na kila mwezi nitaizima umeme niioshe kwa maji baridi yasiyo na kasi, nisije nikalaza mapezi ya koili. Chujio la ndani nitaliosha kila wiki mbili, kazi ya dakika tano. Stebilaiza nimefunga pia. Bodi ya inveta haipendi umeme unaoruka.

Ndugu zetu wa Njombe na Makete, zipo inveta zenye vali ya kugeuza, ambazo Julai huvuta joto la nje na kuliingiza ndani. Baridi yenu ya asubuhi siijui vizuri, ila kanuni ni ile ile.

Mama yupo kwetu, amekuja kutoka Tanga kwa matibabu ya magoti. Kile kiyoyozi cha zamani alikigomea tangu siku ya kwanza, akisema kinamchoma mifupa. Jana nilimkaribisha akae chumbani kwetu mchana, akavua ushungi, akajiegemeza, akanyamaza muda mrefu. “Mwanangu,” akasema, “hiki ni kipupwe.”

Jioni aliondoka na kisahani cha chumvi bila kusema. Asubuhi ya leo nimemkuta mlangoni kwake amekishika, maji matupu. Fundi anarudi Jumamosi.