Kinywa na Sura: Kiswahili katika Maonyesho ya Michezo ya Kompyuta

Mchezo wa kompyuta una nyakati mbili. Katika wakati wa kwanza mchezaji hushika pedi na kutenda; katika wa pili huilaza mapajani, akatazama hadithi ikionyeshwa mbele yake. Wakati huu wa pili una ubishi wake wa siku nyingi: wanaoonekana wawe watu halisi waliopigwa picha kwa kamera, au wawe sura zilizoundwa kwa kompyuta? Wing Commander III ya mwaka 1994 ilimtumia mwigizaji Mark Hamill, na Command & Conquer ya mwaka 1995 iliwaweka makamanda halisi wakimpa mchezaji amri uso kwa uso. Mwaka 1997 Final Fantasy VII ilidhihirisha kwamba hata sura ya kuchorwa yaweza kumtoa mtu machozi, na tangu hapo kompyuta ndiyo iliyotawala.

Wahakiki wengi wameuamua ubishi huo kwa macho. Haidhuru uamuliwe kwa masikio pia, na ushahidi ulio karibu zaidi na msemaji wa Kiswahili ni Resident Evil, mchezo wa kampuni ya Capcom ya Japani. Mchezo wa kwanza, wa mwaka 1996, ulifunguliwa na waigizaji halisi, na uigizaji wao haukuwa wa kusifiwa. Mchezo wa tano, wa mwaka 2009, uliziunda sura zote kwa kompyuta, mienendo ikiwa imenaswa kutoka miili ya waigizaji. Hadithi yake imewekwa Kijuju, mahali pa kubuni panaposemwa kuwa Afrika Magharibi. Ajabu ni kwamba watu wa huko, walioharibiwa na vijidudu hata wakawa kama wanyama, hupiga kelele kwa Kiswahili.

Majina yanastahili kutazamwa moja moja. "Kijuju" ni neno la uganga la Afrika Magharibi lililovikwa kiambishi cha Kibantu. Kijana wa Nyakitonto, ambaye nchi ya wazee wake ni Buha na lugha yao ni Kiha, angedhani limetajwa jina la lugha. Ila asiwe na haraka ya kucheka, kwa kuwa Kigoma na Kibondo ni ki- vilevile. "Popokarimu" ni jina la dubwana lenye asili ya popo. Ni nani aliyempa ukarimu huo? Pengine kamusi ilifunguliwa kwa haraka. "Bui Kichwa" nalo limekosa kiunganishi, ingawa "bui" lenyewe ni neno la haki ambalo wengi siku hizi hulirudufu.

Kosa zito limo katika "Majini", jina la wagonjwa hao, ambalo mchezo hulifasiri kuwa pepo wabaya. Jini wa pwani ana jina, kabila, dini na makao; wapo wabaya, wapo pia wanaokaa na watu kwa masharti yanayojulikana. Tena jini husema: katika uganga wa pwani huulizwa shida yake, naye hujibu kwa kinywa cha aliyempanda. Mchezo umelitwaa jina lake ukamwachia kelele tu.

Hapa ndipo sura ya kompyuta inapohusika. Mwigizaji halisi huja mbele ya kamera na kinywa chake. Akipewa sentensi isiyosemeka, ulimi hukwama, na mwenye kamera huuona mkwamo huo. Sura iliyoundwa haikwami. Sauti yoyote hubandikwa juu yake, na midomo ikafuata au isifuate. Sheva Alomar, Mwafrika wa hadithi hiyo, alipewa mwili na sauti na mwigizaji mmoja, Karen Dyer, na kwa hiyo maneno yake yana pumzi. Lakini maneno hayo ni ya Kiingereza. Sehemu kubwa ya Kiswahili imetupwa katika wakati wa kwanza, wakati wa risasi, ambapo hakuna atakayetulia kusikiliza. Pedi inapolazwa na masikio yakawa huru, Kiingereza ndicho kinachosimulia.

Hata hivyo kompyuta isibebeshwe lawama yote. Civilization IV ya mwaka 2005 humkaribisha mchezaji kwa "Baba Yetu", wimbo wa Christopher Tin uliotungwa juu ya Sala ya Bwana kwa Kiswahili. Hapo hapana uso wa mwimbaji hata mmoja, wa kamera wala wa kuchorwa, na bado maneno ni sentensi timamu, zenye upatanisho wa kisarufi, zinazoimbwa na watu waliojifunza kuzitamka. Wimbo huo ulipata tuzo ya Grammy mwaka 2011, wa kwanza kuipata kutoka mchezo wa kompyuta.

Basi kinachopungua katika mchezo wa Capcom ni msemaji. Nyakitonto i katika nyanda za juu za Kigoma, ambako Kiswahili cha shule hukutana na Kiha nyumbani, na tangu mwaka 1996, kambi ya Nyarugusu ilipofunguliwa wilayani Kasulu, na Kiswahili cha Kongo pia. Msikilizaji wa huko, kwa sentensi mbili tu, aweza kukisia msemaji ametoka ng'ambo ipi ya Tanganyika. Mwekee mtu huyo kelele za Kijuju, picha ikiwa imezimwa, kisha umwulize wanaopiga kelele wametoka wapi.